Taa ya Njano na Msafara wa Posa

Jumatatu, 5 Agosti
Taa ya njano imewaka kwenye dashibodi. Ina umbo la injini. Gari linatembea vizuri, kwa hiyo kosa ni la taa. Jumamosi tunapeleka posa ya mwanangu Syazwan kwa wazazi wa msichana, mjini Kuala Kangsar, nami, baba yake, ndiye nitakayeongoza msafara. Kamarul, kaka wa mke wangu Normala, amejitolea kuongoza kwa gari lake jipya, eti nipumzike. Sijachoka.

Jumanne, 6 Agosti
Kwa wakala aliyeniuzia gari. Bibi Hartini wa mapokezi amenipa kahawa na biskuti mbili. Nimekaa saa tatu nzima. Kompyuta yao haikuona kosa. Nikauliza, mbona taa inawaka? Akajibu kwa upole kwamba taa hiyo humshauri mwenye gari afike kwa wakala. Nikasema nimefika. Akasema basi imefanya kazi yake.

Jumatano, 7 Agosti
Sasa ziko mbili. Ya pili ni ya breki. Nimempigia Bibi Hartini kwa sauti nzito, nikajifanya katibu wa mheshimiwa fulani, nikitaka gari la rafiki yake, Bwana Burhanuddin, yaani mimi, lishughulikiwe leo. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Sawa, Bwana Burhanuddin, nafasi iliyopo ni ya tarehe ishirini na saba."

Alhamisi, 8 Agosti
Nimeegesha gari mbele kabisa ya mlango wao, nikaacha dashibodi iwake wateja waione. Vijana wawili waliooana karibuni walikuja kununua. Niliwaonyesha. Waliondoka. Meneja, Bwana Leong, akatoka mbio na mwavuli, akanifunika, akachukua ufunguo. Baada ya saa moja gari limerudi limeoshwa. Taa zote mbili zimezimika. Imewaka nyingine, nyekundu, yenye mfano wa kipimajoto ndani ya maji. Amesema niwe naiangalia. Nimeiangalia njia nzima. Haikufanya kitu.

Ijumaa, 9 Agosti
Normala anataka Kamarul atangulie. "Likikufia njiani na ukoo mzima uko nyuma, uso wangu nitauficha wapi?" Nimemwambia gari limetoka kwa wataalamu jana tu. Kisha nimenunua utepe mweusi wa fundi umeme, nikaifunika ile nyekundu. Dashibodi imetulia. Jioni Kamarul alikuja kuchungulia, akasema lipo sawa. Nimelala usingizi mtamu.

Jumamosi, 10 Agosti
Magari matano. Mimi mbele, Normala kando yangu na sinia ya tambuu, Syazwan nyuma na pete. Baada ya kilomita kumi na mbili mvuke ulianza kutoka. Nikasema ni ukungu. Normala akasema ukungu hautoki kwenye boneti. Mlimani injini ikazima, na magari yote yakasimama nyuma yetu.

Kamarul aliingiza kichwa, akaubandua utepe kwa kucha. "Shemeji, hii umebandika wewe?" Nikasema ni wakala. Alimtazama mpwa wake, akaukunja utepe, akautia mfukoni. Afadhali angenisuta.

"Baba, wanatungojea," Syazwan akasema. Nikahama.

Nilifika nimebanwa kiti cha nyuma cha gari la Kamarul, keki ya posa magotini. Baba wa msichana alimkumbatia Kamarul, akamwita "mkwe mwenzangu." Kamarul akanionyesha kwa dole gumba. "Mwenyewe ni yule wa keki."

Posa imekubaliwa. Syazwan amecheka, mara ya kwanza wiki hii. Keki ilikuwa na alama ya kidevu changu.

Jumatatu, 12 Agosti
Injini imekufa. Bibi Hartini ameuliza kwa nini sikuitii taa. Normala anasema kuna fundi mwaminifu nyuma ya soko, Muthu, angeziba mpira wa maji uliokuwa ukivuja kwa dakika ishirini. Nimemuuliza kama Muthu anatoa kahawa. Bwana Leong amenipa pole kwa muda mrefu, kisha akanionyesha gari jingine.

Alhamisi, 22 Agosti
Nimelichukua. Hili halina vitaa, lina skrini. Bwana Leong ameniambia onyo likitokea, unaligusa mara moja kwa kidole nalo linafutika. Ni ustaarabu mkubwa. Kabla ya kufika nyumbani nilikuwa nimeshagusa mara tatu.