Ratiba Isiyochezewa

Jumatatu, 3 Machi

Hujuma! Asubuhi nimetuma ratiba ya usafi kwenye kundi la simu la wapangaji. Kazi safi, ndiyo maana mimi ni katibu. Ngazi zote nne, kila Jumamosi: Fundi Cherehani wa ghorofa ya pili. Mapipa ya taka: Fundi Cherehani. Katibu: msimamizi.

Nusu saa haijapita, Fundi karudisha faili lile lile kundini. Sasa ngazi ni zangu, mapipa ni yangu, yeye eti mshauri. Jengo zima likacheka. Mwenyekiti, mkunga mstaafu asiyejua mzaha, kanipigia simu. Anataka ratiba moja isiyochezewa kabla ya uchaguzi wa Jumapili, la sivyo ukatibu anapewa Fundi. Ukatibu wangu! Miaka sita! Nimemwahidi PDF, kitu kisichobadilishwa ovyo, na nikapendekeza kitakachoandikwa humo kiwe sheria mwaka mzima. Kakubali. Fundi kwisha habari yake.

Jumanne, 4 Machi

Tatizo dogo. Sina cha kutengenezea PDF. Wala cha kuisomea.

Mke wangu ni karani wa masjala hospitalini. Alikuwa anapiga pasi sare yake, akaanza kunieleza kwamba hiyo hiyo programu ninayoandikia tayari ina... Nikamkatiza. Kitu cha bure lazima kitafutwe! Nimetafuta saa tatu, nikapakua programu moja yenye neno BURE kubwa jekundu. Kusoma, inasoma. Kutengeneza, inataka namba ya kadi ya benki. Nimeifuta. Haifutiki.

Jumatano, 5 Machi

Ya pili. Inatengeneza, na bure kweli! Nikamwita mke wangu aone. Akaona. Kila ukurasa umepigwa maandishi ya kijivu kona hadi kona: NAKALA YA MAJARIBIO. Nikamwambia watu watadhani ni urembo. Akasema yeye hajadhani.

Sasa kompyuta inafungua tangazo la dawa ya upara kila baada ya dakika mbili. Nina nywele zangu zote! Nimejipapasa kuhakikisha.

Nimepishana na Fundi kwenye ngazi. Kaniuliza kwa upole mno napenda ndoo ya rangi gani. Imeniuma, sitaficha. Lakini sikati tamaa.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Nimegundua, kwa akili zangu mwenyewe, kwamba programu ninayoandikia ina mahali pa kubonyeza "Hifadhi kama PDF". Bure! Ilikuwemo siku zote! Nilipomweleza mke wangu, karudi kwenye chai yake.

Ratiba yangu ilikuwa imemezwa na matangazo ya upara, basi nikaipakua upya kutoka kundini, ile ya mwisho kabisa. Sikupoteza muda kuisoma, kazi yangu naijua. Nikaigeuza PDF na kuipiga kufuli: kila mtu anasoma, hakuna anayebadilisha bila neno la siri. Mke wangu kasisitiza niliandike mahali. Haya, naliandika hapa: ndooyafundi7. Hapa ni salama. Shajara hii haisomwi na mtu, hata mimi mwenyewe.

Nimemtumia Mwenyekiti. Usingizi wa leo utakuwa mtamu.

Jumapili, 9 Machi

Nimechaguliwa tena! Kura zote, hata ya Fundi. Hiyo ingepaswa kunishtua.

Mwenyekiti kabandika ratiba ukutani, akawaambia wapangaji kwamba katika miaka yake yote hajaona katibu wa kujitoa namna hii. Makofi. Nikainama kwa adabu. Kisha nikasogea kusoma.

Ngazi zote nne, kila Jumamosi: Katibu. Mapipa ya taka: Katibu. Fundi Cherehani: mshauri.

Mwaka mzima!

Nikamwambia Mwenyekiti ni makosa. Kanijibu kwamba sheria ni yangu na kufuli ni langu. Kama ni makosa kweli, nilifungue mbele yake kabla ya Jumamosi, nirekebishe mstari wowote. Mwanamke wa haki.

Jumamosi, 15 Machi

Neno la siri limenitoka kichwani. Lote! Nilijaribu jina la mke wangu, jina la mama mkwe, hata "upara". Wapi. Leo nimepiga deki kuanzia ghorofa ya nne hadi chini. Fundi alikaa kwenye ngazi akinishauri. Kiuno hakinyooki.

Lakini mimi si mtu wa kukubali yaishe. Inasemekana zipo programu za bure za kuvunja makufuli ya PDF, na Mwenyekiti kanipa wiki moja zaidi. Mke wangu kauliza kama lile neno sikuliandika mahali fulani. Nikamkatiza, nipo kazini.

Nimeshapata moja. Ina neno BURE, kubwa, jekundu. Inapakua.