Uso wa Kawaida kwa Sherehe ya Mama

Jumatatu, 6 Oktoba

Mimi ni mtu wa bahati. Niliandike hilo kwanza. Wako wanaopigana na nyuso zao maisha yote, lakini mimi Mungu alinipa ngozi isiyo na ubishi. Ndevu haba, kivuli hakuna. Napaka mara moja, dakika kumi, natoka. Wanawake wenzangu ambao mkunga aliwaandika wavulana wanahangaika saa nzima mbele ya kioo. Mimi wala.

Barua ya Mama imefika. Anatimiza miaka themanini Jumamosi. Miaka mitatu hajaniita, tangu nilipomwambia kwamba naitwa Geeske na kwamba suti za marehemu baba apewe kaka yangu Harm. Sasa ameniita, ila kwa masharti. Nije saa tatu asubuhi, nipite mlango wa jikoni, ninywe kahawa, niondoke. Wageni wanafika saa nane. Ameandika kwamba hana ugomvi na mimi, ila hataki siku yake igeuke kanivali.

Nimeisoma mara nne ndani ya lori la maziwa, uani kwa mkulima, mpaka mwenyewe akaja kuuliza kama tangi limejaa au nimekufa.

Kahawa ya jikoni siitaki. Nataka kiti. Kwetu siku ya kuzaliwa viti hupangwa duara sebuleni, kila mtu wa familia na chake, kisahani cha keki juu ya goti. Asiye na kiti pale si wa nyumba ile.

Mpango: nitatokea saa nane na nusu, mlango wa mbele, na uso wa kike wa kawaida kabisa. Si wa jukwaani. Wa mwanamke aliyeamka vizuri. Hakuna atakayeona cha kusema, na Mama atajikuta ameshanikalisha kabla hajakumbuka masharti yake. Nimeendesha lori hadi Lisbon na kurudi. Sebule ya mama yangu itanishinda?

Jumanne, 7 Oktoba

Kikundi chetu, sisi tulioandikwa wavulana, chumba cha nyuma cha maktaba. Rosalinde alikuwepo. Siku nyingine yeye huyo huyo ni mwanamume, Reinier, mpima mifereji, mkewe anajua na ndiye humchagulia sketi. Jumanne ni Rosalinde. Ana uso ambao hujui kama umepakwa. Inaudhi sana.

Sikutaka kumpa raha ya kuombwa msaada. Nikasema binamu yangu ndiye anayeuliza. Rosalinde akaniangalia, akasema nimwambie binamu: wembe mpya, kisha angoje ngozi ipoe. Krimu ya rangi ya chungwa kiasi cha punje ya dengu, aibonyeze kwa kidole pale tu penye ubluu wa ndevu, asisugue. Fandesheni nyembamba juu yake. Halafu poda, ibonyezwe, kisha poda tena, bila hivyo vyote vitahama. Maskara ya kahawia, nyeusi aachane nayo. Rangi ya mdomo inayofanana na mdomo wenyewe. Na afanye hayo kando ya dirisha, mwanga wa mchana, maana taa za bafuni ni waongo wakubwa.

Kisha akaongeza kwamba binamu yangu kasahau kunyoa chini ya kidevu. Chumba kizima kikacheka. Nikamwambia poda ni mambo ya mabibi. Akanijibu kwa upole kwamba dada, si kila ushauri ni tusi.

Nimeandika yote mkononi kwa kalamu, kuanzia kiganja hadi kiwiko. Elimu sina, ila akili ninayo.

Jumatano, 8 Oktoba

Kanuni ya kazi yetu: kabla hujagusa bomba la maziwa, unanawa mikono hadi kwenye kiwiko. Shamba la kwanza, saa kumi na moja alfajiri. Sabuni yao kali.

Yamebaki maneno mawili. Chungwa. Dirisha.

Kumpigia Rosalinde? Nife kwanza.

Nikaenda duka la vipodozi na mpango mwingine: namnunulia mke wangu. Muuzaji, msichana mwenye miwani, akauliza ngozi ya mkeo ikoje, mama. Nikasema kama yangu. Anapendelea nini? Nikasema chungwa. Akaniinamia, akasema kwa sauti ya chini kwamba mkeo akiwa na dakika tano, akae hapa kwenye kiti, atamwonyesha bure, na hakuna mtu dukani saa hizi. Moyo wangu ulitaka kukaa. Mdomo wangu ukasema mke wangu hana nafasi, anaendesha lori.

Akanisindikiza hadi mlangoni na kikopo kidogo cha poda mkononi, akisema mkeo ataihitaji. Nikakataa. Nimetoka na krimu ya chungwa, kopo kubwa kuliko yote. Kama punje ya dengu inafaa, kijiko kitafaa zaidi. Hesabu hiyo hata mimi naiweza.

Alhamisi, 9 Oktoba

Dirisha sasa. Taabu ni kwamba mtaa wetu hakuna anayefunga pazia. Mtu akipita barabarani anaona sebule yako hadi bustani ya nyuma, na ndivyo inavyotakiwa, maana mwenye heshima zake hana cha kuficha. Ng'ambo ya barabara anakaa Mzee Boelens, na kazi yake tangu astaafu ni kumwagilia maua dirishani bila kuangalia maua.

Nikatundika blanketi dirishani, nikaacha upenyo wa mkono mmoja upande wa bustani. Nikaanza na shavu la kushoto.

Dakika ishirini hazijaisha, kengele. Mzee Boelens, kofia mkononi, sufuria ya supu ya njegere. Ameona dirisha limefungwa mchana kweupe, na mtaani kwetu hilo hufanywa kwenye msiba tu. Akauliza kwa sauti ya kanisani kama ni mama. Mimi nusu ya uso nyeupe, nusu kama boga. Kabla sijajibu akasema anaelewa, msiba humpata kila mtu kwa namna yake, na yeye mkewe alipofariki alipaka uzio rangi mara tatu. Machozi yalimlenga. Ningemwambiaje? Nikapokea supu.

Kufikia saa kumi nimepata keki ya tangawizi, kadi mbili za rambirambi na shada la maua. Nimeyapokea yote kwa unyenyekevu. Nimelitoa blanketi, nimehamia bafuni, chini ya taa ya njano. Huko nilipendeza hadi nikajisalimia. Rosalinde hajui taa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Harm kanipigia simu kazini. Nani kasema Mama amekufa? Muuza maua amempigia Mama mwenyewe kuuliza kanisa gani. Nikamweleza habari ya blanketi. Kisha nikasikia mtu mzima wa miaka hamsini na sita anacheka hadi anakohoa. Akasema Mama amejibu kwamba bado ana siku moja, waulize tena Jumapili.

Mwishoni akakumbusha: saa tatu, jikoni, Geeske. Ndiyo mara ya kwanza analitamka jina langu. Halafu akakata haraka kama aliyeiba.

Jioni Rosalinde naye kapiga. Kesho asubuhi ana nafasi, angeweza kupita kwa baiskeli na mkoba wake, bila kumweleza mtu, amsaidie binamu. Nikamshukuru, nikasema binamu amejitosheleza. Anajua hakuna binamu. Kwa nini watu wanakuwa wazuri hivi, wanakunyima hata wa kumchukia?

Jumamosi, 11 Oktoba

Naandika haya nikiwa nimekula vipande vitatu vya keki.

Saa tatu sikwenda. Saa tano niliingia bafuni. Kijiko cha chungwa, na kingine kwa usalama. Fandesheni juu. Gauni la bluu la mikono mirefu. Kilomita nane kwa baiskeli, upepo wa mbele. Saa nane na nusu nikabonyeza kengele ya mlango wa mbele.

Akafungua wifi yangu Annechien. Akaganda. Lakini desturi iko upande wangu, hilo nililihesabu mapema. Kwetu anayeingia huzunguka duara lote na kumpongeza kila mtu kwa siku ya kuzaliwa ya ndugu yake, mabusu matatu, kulia, kushoto, kulia. Huwezi kukimbia busu ukiwa na kahawa gotini. Watu kumi na wanne. Mama kiti cha mwisho, karibu na dirisha.

Nikaanza. Annechien, hongera kwa mama mkwe wako. Harm, hongera kwa mama yetu. Nyuso zao zilikuwa ngumu, lakini mashavu waliyatoa. Nilijiona meli inaingia bandarini. Nilipofika kwa Mjomba Wubbo nikageuka kuwatazama niliowamaliza. Harm mashavu yote mawili yameiva kama pichi. Annechien ana mstari wa chungwa kutoka sikioni hadi puani. Mwanzoni nikadhani wamekunywa.

Madirisha ya Mama ni makubwa, na jua la Oktoba lilikuwa limeingia lote. Kilichowapaka wao kilikuwa kimenitoka mimi. Kwenye kioo cha kabati nikajiona: kidevu bluu, paji la uso chungwa, katikati sijui niite nini. Mama Mkubwa Hillechien, dada wa Mama, miaka themanini na sita, akafuta shavu lake, akanusa kidole, akauliza kama ni karoti.

Mama akasimama. Akasema neno moja. Jikoni.

Basi, nikajua. Mlango wa nyuma.

Akanikalisha kwenye kigoda kando ya dirisha la jikoni. Nikamwambia samahani, natoka sasa hivi, baiskeli iko mbele. Akasema nitulie. Akamimina mafuta ya kupikia kwenye kitambaa, akanifuta, paji la uso, mashavu, shingo, kama anavyofuta meza, hadi ukabaki uso mtupu. Huo ndio niliokuwa naukimbia wiki nzima. Akauangalia muda mrefu. Mimi nikaangalia sinki.

Akasema nina kidevu cha mama yake. Na mama yake alikuwa na ndevu pale, akizing'oa kila Jumamosi kabla ya kanisa, na hakuna aliyethubutu kumwita kanivali.

Kisha akafungua mkoba wake. Poda yake ni ya zamani, imebaki kingo tu. Akaibonyeza kidevuni kidogo, akangoja, akaibonyeza tena. Rangi ya mdomo imebaki kisiki, akaichokoa kwa kidole cha mwisho. Akaniambia nisisugue midomo, niikutanishe tu, hivi. Akaonyesha. Akasema miaka yote hiyo amengoja mtoto wa kumwonyesha, na Harm alikuwa hataki.

Nikaikutanisha midomo. Hivyo hivyo.

Akachukua kiti cha jikoni. Nikataka kumpokea, akanisukuma kwa kiwiko. Miaka themanini, akakibeba mwenyewe hadi sebuleni, akakitua kati ya kiti chake na cha Mama Mkubwa. Duara likasogea, viti vikakwaruza sakafu. Akawaambia watu huyu ni Geeske, binti yangu, hajui kupaka poda, na keki iko wapi.

Annechien ndiye aliyeinuka kwanza, na chungwa lake usoni. Mabusu matatu. Akasema hongera kwa mama yako, wifi. Wakafuata wengine. Mama Mkubwa akataka kujua kama ile rangi hutoka kwenye nguo ya sufu ikifuliwa.

Jumapili, 12 Oktoba

Mpango umefaulu kama nilivyoupanga. Kiti nimepata. Nimempigia Rosalinde kumweleza mbinu yangu, ajifunze. Kwanza unawapaka wao. Alicheka hadi mkewe akaja kuuliza kuna nini. Akauliza nimeshanunua poda. Nikamwambia poda haina nguvu, tatizo lilikuwa kiasi, krimu ilikuwa kidogo mno.

Harm anatimiza hamsini na saba mwezi ujao, na nimealikwa, saa nane, kama watu wote. Nimeagiza kopo kubwa mara mbili, na kope za kubandika ndefu kama ufagio. Nitafanyia bafuni.

Na yale ya Jumatatu kuhusu ngozi ya bahati ni uongo. Nina ndevu za nguruwe mwitu. Leo nimenyoa mara mbili na bado zinaonekana.