Wali wa Mama na Firigisi ya Baba

Jumatatu, 16 Juni

Baba amefika. Ameshuka kwenye basi la Majimoto, fimbo mkono mmoja, mkono mwingine ameshikilia suruali. Ni ile ile aliyovaa siku tunamzika Mama. Siku ile ilimkaa vizuri. Leo amekaza kiuno kwa kamba ya katani, na bado inateremka. Niligeukia pembeni nikajifanya natafuta bodaboda.

Jumamosi ni misa ya kumkumbuka Mama, mwaka mmoja tangu atutoke. Baada ya misa ukoo wote unakula hapa kwangu, Makanyagio. Mwenyeji ni mimi, Osward, mtoto wa mwisho! Yule waliyesema hataweza hata kufuga bata.

Suzana, mke wangu, kapika ugali na maharage. Baba kamega tonge la kwanza, la pili, la tatu kalibonyeza akaliacha. Kasema ameshiba. Baadaye kaomba uji. Mzee Apolinari, aliyelima mpunga Mpimbwe mpaka majaruba yanamjua kwa jina, anaomba uji kama mtoto mwenye surua!

Kaka Gratien, mkubwa wetu, kapiga simu. Anasema Mzee hawezi kuendelea kuishi peke yake kule shambani, atatufia. Ahamie kwangu, au kwa dada Yustina pale Majimoto. Amemuuliza mwenyewe. Baba kajibu kwamba atakaa pale atakapoweza kula, na atatamka Jumamosi baada ya chakula.

Haya. Kumbe ni mashindano.

Namtaka Baba hapa. Sina maelezo marefu. Nataka niamke nimsikie anakohoa sebuleni. Tangu Mama aondoke nyumba yangu ina watu na bado ina ukimya.

Tatizo ni Yustina. Watu wote wanasema ana mkono wa Mama. Sasa niandike ukweli hapa, Mama apumzike kwa amani: Mama alijua kupika kila kitu isipokuwa wali. Krismasi bokoboko, wali uliolala kama uji. Pasaka bokoboko. Harusi ya Gratien, bokoboko. Mwenyewe alikuwa anacheka mbele za wageni, anasema jamani nimezidisha maji tena, mnisamehe. Tulimtania miaka yote. Hata kwenye matanga yake nilisimama nikasimulia habari ya bokoboko, watu wakacheka katikati ya machozi.

Jumamosi Baba atakula wali alioukosa maisha yake yote. Punje moja moja, hakuna inayomgusa jirani yake!

Jumanne, 17 Juni

Kwanza nimemwandaa kwa nyama. Nimechinja jogoo, si kuku wa kisasa wa kuyeyuka mdomoni, jogoo wa kienyeji, mwenye misuli, aliyetembea Makanyagio yote. Suzana kasema jogoo wa umri ule achemke tangu asubuhi. Nimemwambia nyama ikichemka sana inapoteza heshima.

Firigisi nimempa Baba, kama desturi inavyotaka. Mama hakuwahi kukosea hilo. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya Baba, na sisi watoto tuliiangalia kwa macho tu.

Baba kaitazama muda mrefu. Kaiweka mdomoni. Nikaenda kuleta maji ya kunawa. Niliporudi sahani haina firigisi!

Mapaja hakuyagusa. Lakini firigisi kaimaliza. Ushindi wa kwanza.

Jumatano, 18 Juni

Nimekwenda sokoni Kashaulili kwa Sikujua, muuza mchele. Nimenunua mchele mpya, umetoka kukobolewa juzi. Ukiingiza mkono kwenye kiroba unanukia mpaka nyumba ya pili. Sikujua kanionya: mpunga wa msimu huu haujakauka sawasawa, ukiupa maji ya mchele wa mwaka jana unapata uji wa mgonjwa. Nimemwambia anaongea na mtaalamu.

Narudi nyumbani, simu. Gratien kagawa kazi. Wali atapika Yustina. Mimi ni nyama na kuni.

Kuni!

Nimemkumbusha kwamba mwenyeji ni mimi. Kasema ndiyo maana kuni ni zangu. Nimekaa kwenye kigoda pembeni ya mchele wangu nikaumia moyo kwelikweli. Baba kanikuta hapo. Kaniuliza kama naumwa. Nimesema hapana. Kaniwekea mkono begani, mkono mwepesi sana, akaenda kukaa juani.

Ameshinda na uji tena leo.

Ijumaa, 20 Juni

Yustina kaingia na kiroba cha mchele kichwani na sauti mbele. Mchele wa mwaka jana, umelala ghalani kwake, anausifu kwamba unajaa sufuria na hauna aibu. Kamwona Baba, kamsalimia kwa magoti, halafu kaja jikoni kuniuliza mbona namkondesha mzee. Mimi! Amekuja amekonda! Nikamuuliza kule Majimoto Baba akimtembelea anakula nini. Kainama kufungua kiroba chake. Kumbe hata kwake ni uji.

Jambo la kushangaza. Suzana kachukua koti la Baba akalifue, mfukoni kakuta firigisi. Nzima, imefungwa kwenye leso. Suzana kanitazama kama mtu anayengoja nimalize hesabu. Nikamwambia iko wazi: imemnogea mno, anaitunza ale polepole. Suzana kakung'uta koti na kuondoka.

Sasa jioni. Jumuiya wamekuja kusali rozari, wamejaa uani, Yustina yuko mbele anaongoza. Viroba viwili viko chumba cha nyuma, wake na wangu, vinafanana kama mapacha. Shetani hakunituma, wazo lilikuja lenyewe.

Nikatoka kwenye tendo la tatu la rozari. Nikamwaga, nikahamisha, nikamimina. Mchele wangu mpya ukaingia kwenye kiroba chake, wake ukaingia kwangu. Juu nikarudishia bakuli kadhaa za mchele wake wa zamani ili jicho lisishtuke. Nikarudi uani kabla ya tendo la nne. Nikajibu Mtakatifu Maria kwa sauti kubwa kuliko wote. Katekista kanitazama kwa furaha.

Kesho Yustina ataweka maji aliyozoea. Wali utalala. Baba ataona mkono upi ni mkono.

Jumamosi, 21 Juni

Naandika macho yamevimba. Nitajaribu kwenda kwa mpangilio.

Misa ilikuwa nzuri. Padri alipotaja jina la Mama, Katarina, Baba alitikisa kichwa kama mtu aliyeitwa.

Tukarudi nyumbani. Yustina kafunua sufuria. Hakupiga kelele. Kakaa chini, kwenye majivu, na kitenge chake cha misa, kashika kichwa. Bokoboko! Mwiko umesimama wenyewe katikati. Maji yamezidi unga, na watu wameshanawa. Yustina akaanza kulia kwamba siku ya Mama, siku ya Mama, amemwaibisha Mama.

Nilitegemea kufurahi. Nilifurahi kidogo tu.

Hapakuwa na muda wa kupika mwingine. Tukapakua hivyo hivyo. Sahani ya Baba nilipanga mimi: wali kidogo, paja la jogoo wa pili niliyemchinja alfajiri, na firigisi yake juu kabisa. Watu walikuwa wanavuta nyama kwa meno mpaka shingo zinatoka mishipa. Gratien aliuliza kama huyu jogoo alikuwa mwanajeshi.

Baba kasogeza firigisi pembeni. Kasogeza paja. Kachota wali kijiko kimoja. Akaacha kutafuna. Nikajua sasa anaudhika.

Akachota tena. Na tena! Kamaliza sahani, akaisukuma mbele aongezwe. Akaongezwa. Akamaliza. Uani kote watu wakaacha kula, kijiko cha Gratien kikabaki hewani. Mwaka mzima hatujamwona Baba anakula hivyo.

Kauliza nani kapika. Yustina kapiga magoti, kaomba radhi, kasema hajui ilikuwaje, amezidisha maji.

Baba kasema mama yenu alikuwa anasema hivyo hivyo.

Halafu akafungua mdomo mbele ya ukoo wote. Yesu na Maria. Pale mbele yamebaki meno mawili matatu ya kushikilia tabasamu. Nyuma hakuna kitu. Kasema yalianza kumtoka zamani, sisi tukiwa bado tunasoma, na yeye mwanaume wa jembe akaona aibu kubwa. Mama akamwambia nyamaza. Nitazidisha maji mimi, na wakicheka wanicheke mimi. Nyama alikuwa anamtwangia kwenye kinu nyuma ya nyumba, firigisi vilevile. Mama akachekwa miaka yote, na mwenyewe akicheka pamoja nasi. Baba kasema tangu amzike hajapata mtu wa kumzidishia maji kisha aseme kosa ni lake.

Gratien alilia waziwazi. Yustina alilala kwenye miguu ya Baba. Mimi niliona ile siku ya matanga, nimesimama na kikombe mkononi, nawachekesha watu kwa bokoboko la Mama, na Baba amekaa palepale anasikiliza. Nililia mpaka kamasi. Mama, nisamehe. Ulikuwa unajua kupika wali kuliko watu wote wa Mpimbwe.

Ningenyamaza hapo mambo yangeisha vizuri. Lakini Baba akaendelea. Akasema amepata pa kukaa, atakaa na aliyepika wali huu.

Nikajikuta nimesimama. Nikasema mchele huo ni wangu!

Wote wakageuka. Yustina akauliza wako vipi. Ikabidi nieleze. Nikaeleza viroba. Nikaeleza tendo la tatu. Katekista alifunga macho. Yustina aliokota mwiko. Gratien, babu wa watu, akaanza kunitafutia fimbo uani kama zamani.

Kilichotuokoa ni Baba. Alicheka! Alicheka mdomo wazi, bila kuuficha kwa kiganja, mpaka akashika mbavu. Kisha akatoa hukumu. Mchele ni wa Osward, ni kweli. Lakini maji ni ya Yustina, na bokoboko ni maji.

Anakwenda Majimoto.

Jumapili, 22 Juni

Wameondoka na basi la asubuhi. Yustina amenisamehe, au amechoka kunigombeza. Kachukua mchele wangu mpya wote uliobaki, kaniachia wake.

Baba alinivuta kando pale stendi. Kasema anajua namtaka. Kasema Jumapili ijayo nije tule pamoja, na akasisitiza nisilete kitu. Nije tu, nikae naye. Basi lilipotoka nilibaki nimesimama mpaka makondakta wakaanza kuniuliza naenda wapi.

Nyumbani nimekuta leso yake kwenye kiti cha sebuleni. Suzana alitaka kuifua. Nimemwambia aiache kwanza.

Jumanne, 24 Juni

Nimempigia Baba. Kapokea mdomo umejaa! Kaniambia nisubiri ameze. Nimefurahi mpaka nikaruka. Baada ya hapo nimeona wivu mpaka nikakaa. Yustina amemtwangia nyama kwenye kinu cha Mama. Baba anasema suruali imeanza kushika bila kamba.

Huku kwangu hakuna anayekohoa.

Suzana ananishauri Jumapili niende mikono mitupu kama Baba alivyosema, au nikiona aibu basi nibebe parachichi zilizoiva. Parachichi! Kwa mzee wa ukoo! Mkono mtupu haulambwi, na wa parachichi ni hivyohivyo. Namjua Baba. Akisema usilete kitu ana maana usilete kitu kidogo.

Nimefikiri kwa makini wapi nilikosea. Nimepata jibu: jogoo alikuwa mdogo.

Leo nimenunua mwingine. Amefungwa kwenye nguzo ya jiko, kucha kama za tai, aliyeniuzia anasema hakumbuki alimpata lini. Huyu sitamchemsha kabisa, kuchemsha ndiko kulikoharibu ladha. Nitamkausha juu ya makaa mpaka ngozi ilie. Meno mawili matatu yanatosha kwa nyama iliyopikwa kwa heshima. Yustina na kinu chake watakaa pembeni waangalie.

Na firigisi nitampa Baba mkononi mwake, nzima, na leso yake safi pembeni, maana nimeshajua anapenda kuitunza.