Mzaliwa wa Ponsonby

Alhamisi, 6 Machi

Nimejitia kitanzini mwenyewe. Baada ya mazoezi ya kwaya tulikuwa tunakunywa kakao. Fuatai, mjane wa sauti ya kwanza ambaye kwa ajili yake nimeanza kunyoa kila siku, akasema angependa kuzunguka Ponsonby, ule mtaa wa zamani hapa Auckland, siku nzima, taratibu, atazame zile nyumba za mbao. Falaniko wa besi akafungua mdomo. Nikamwahi. Nikasema nitamtembeza mimi, nimekulia pale!

Uongo mtupu. Nimekulia kisiwa cha Savai'i, kule Samoa, kati ya nguruwe. Ponsonby nimeiona kwenye dirisha la basi, tena upande mmoja.

Falaniko akauliza nilikaa mtaa gani. Nikasema ule wenye miti. Akasema pale mitaa yote ina miti. Nikamjibu ndiyo maana jina limenitoka. Fuatai akatabasamu tu. Tunakwenda Jumamosi.

Ijumaa, 7 Machi

Kazini nimesingizia jino. Nimekwenda kupeleleza. Kumbe kuna kilima! Viatu vipya vinabana.

Nimejichagulia nyumba ya utotoni. Ndogo, nyeupe, mlango wa buluu, baraza lenye mbao zilizochongwa kama lesi. Mapazia yamefungwa, hakuna mtu. Safi kabisa. Nikasimama pale langoni nikifanya mazoezi: baba alipenda kukaa hapa, mama alianika nguo pale. Nikafaulu kutoa hata chozi. Mama mmoja mwenye mbwa akauliza kama nimepotea. Nikasema la, nimerudi nyumbani. Mbwa akaningurumia. Mbwa wana akili.

Sijala. Je, akiniuliza shule?

Jumamosi, 8 Machi

Falaniko kaja! Hakualikwa. Shati la maua, mwavuli, tabasamu hadi masikioni. Eti naye anataka kujifunza historia.

Asubuhi ilikwenda vizuri, isipokuwa jasho. Tulikula mikate ya nyama barazani kwa mwokaji. Nikasema duka hilo nalikumbuka tangu utoto. Binti wa kaunta akasema wamefungua mwezi uliopita. Falaniko akacheka hadi akapaliwa. Afadhali.

Tukafika kwenye nyumba yangu. Nikaanza hotuba. Nilipofika kwenye nguo za mama, mlango ukafunguliwa! Mzee wa Kizungu, povu la kunyolea shavuni. Anaitwa Desmond. Alikuwa amesikia kila kitu na machozi yalimlengalenga. Akasema, "Karibu nyumbani kwako, bwana. Ingieni, ingieni!"

Nikakataa. Falaniko alikuwa keshaingia.

Ndani, Falaniko akasema kwa sauti yake ya besi, "Iosua, ndugu yangu, nimebanwa. Hebu nionyeshe choo, wewe si mtoto wa hapa?"

Nikatembea kwa ujasiri. Nikafungua mlango. Mafagio yakaniangukia. Nikafungua mwingine. Kitanda cha Desmond.

Fuatai akanipita, akavuka jiko, akasukuma mlango wa nyuma kabisa. "Kiko huku," akasema. "Nyumba hizi zote zilijengwa hivyo. Yetu ilikuwa ya tatu kutoka hapa."

Yetu!

Kakulia pale yeye. Watoto wanane, vyumba viwili. Alfajiri moja polisi waligonga wakitafuta watu wa visiwa vya Pasifiki ambao vibali vyao vya kuishi vimekwisha, na mjomba wake akajibanza chini ya sakafu, Fuatai amekaa juu ya ubao anasuka mkeka. Kisha mwenye nyumba akauza. Hajawahi kurudi. Aliogopa kuja peke yake.

Nikamuuliza kwa nini hakuniumbua tangu Alhamisi. Akasema, "Mwongo we! Ulikuwa na raha mno. Na tangu tujuane hujaniuliza nimekulia wapi." Nilitamani yale mafagio yaniangukie tena.

Tukaagana na Desmond. Nyumba ya kina Fuatai sasa ina ukuta mrefu wa mbao. Hakuona kitu. Alisimama akiugusa kwa kiganja. Tulitazamana, mimi na Falaniko. Tukashikana mikono kumfanyia ngazi, Fuatai akavua ndala, akatukanyaga, akapanda. Mgongo wangu ulilia kama kiti kibovu.

"Mlimau wa mama upo!" akapiga kelele kutoka juu. "Una malimau! Msiniangushe, enyi wazee!"

Tukamwangusha. Kwenye maua, kwa bahati nzuri. Alicheka huku analia, nami sikujua nishike lipi.

Jumapili, 9 Machi

Nimetubu wakati wa ibada. Kwa dhati kabisa. Sitadanganya tena.

Nje ya kanisa Fuatai akaja mwenyewe, akanipangusa bega, akasema kaka yake anakuja kutoka Apia wiki ijayo, mkali, anapenda watu wanyoofu na kriketi. Falaniko akavuta pumzi ili aseme jambo.

Nikasikia mtu akisema aliwahi kuwa nahodha wa timu ya kriketi ya kisiwa kizima. Sauti ilikuwa yangu.

Nani atanifundisha kushika gongo?