Kuku wa Mama Mkwe na Umoja wa Makuli wa Mataifa Mawili

Jumatatu, 3 Machi 1952. Tunduma.

Leo nimezaliwa upya! Baada ya kazi Mwalimu Ezron wa misheni alitusomea gazeti. Kumbe huko Jeneva, Ulaya, wafanyakazi, mabwana na serikali za nchi nyingi huketi meza moja kuzungumzia haki kazini. Meza moja! Mimi sijaketi meza moja hata na mnyapara.

Hapo hapo nikamkumbuka Osea, kuli mwenzetu. Juma lililopita gunia la chumvi, ratili mia mbili, lilimwangukia ghalani. Mgongo ukateguka. Bwana Haraka akamwambia aende kwao akapone. Bila posho, bila unga. (Bwana Haraka si jina lake. Ndilo neno pekee analotuambia.) Ana ghala hapa na ghala jingine Nakonde, upande wa Rodesia. Tukigoma sisi, huwaita makuli wa Nakonde. Wakigoma wao, hutuita sisi. Na sisi mbio, kama wajinga.

Dawa ni moja: Umoja wa Makuli wa Mataifa Mawili. Tugome sote siku ile ile, asipate wa kumwita. Mwenyekiti ni Efraimu, yaani mimi. Andongwisye, naye kuli wa hapa, akataka kura ipigwe. Kura ya nini, na wazo ni langu?

Jumanne, 4 Machi

Balaa. Makuli wa Nakonde wamesema hawawezi kukubali lolote bila ruhusa ya mama anayewapikia. Nikauliza ni nani huyo. Mama Ketrina. Ketrina ni mama yake Nesta, na Nesta ni mke wangu.

Mama mkwe! Tangu nioe sijamwona uso. Kwetu mtu hatazamani na mama mkwe mpaka ampelekee kuku wa kuonana. Nikimwona njiani, naingia porini. Miaka minne sasa. Vichaka vyote vya mpaka huu vinanijua.

Nesta anasema jambo ni jepesi, nipeleke kuku. Tunaye mmoja tu, yule mweusi, na anataga. Nikamjibu kwamba mambo ya mataifa hayaamuliwi kwa kuku.

Alhamisi, 6 Machi

Mbinu ya mkeka. Nilivuka mpaka, nikasimama nyuma ya jiko la Mama Ketrina, nikaushika mkeka mbele ya uso wangu, nikahutubu. Nilihutubu vizuri mno! Niliitaja Jeneva mpaka ikanizoea. Nilipofika kwenye mgongo wa Osea sauti ilinitetemeka, na hapo sikuwa naigiza. Amebeba nami tangu tukiwa vijana.

Nikamaliza. Nikachungulia. Mbuzi wawili, wananitazama kwa heshima. Mwenyewe alikuwa kisimani. Nikakunja mkeka na kushika njia ya nyumbani, naye akatokea mbele yangu na mtungi kichwani. Nikaruka kichakani. Kichaka kilikuwa na siafu.

Ijumaa, 7 Machi

Andongwisye kanizunguka! Ameingia kwa Mama Ketrina kwa mlango wa mbele, akapewa kigoda, akala maharage. Yeye hakuoa kule, anamtazama atakavyo. Nikamtuma Nesta upesi akamweleze mama yake kwamba Mwenyekiti ni mimi.

Jioni Nesta karudi. Mama amekubali! Jumatatu hakuna kubeba, huku wala kule, mpaka gunia moja libebwe na watu wawili na aliyeumia apewe posho hadi apone. Nikauliza amesemaje kuhusu Mwenyekiti. Nesta akasema mama alicheka, kisha akauliza kama yule kuku amekufa.

Jumatatu, 10 Machi

Mgomo! Nilivaa koti la harusi. Tulikaa mbele ya ghala, na malori ya chumvi yamesimama wazi bila turubai. Bwana Haraka hakubishana. Alituma gari Nakonde likalete makuli. Roho yangu mkononi. Wakija kubeba, tumekwisha, na Osea amekwisha zaidi yetu.

Gari likarudi. Ndani yake, kando ya dereva, alikuwamo mtu mmoja tu: Mama Ketrina, na mwiko wake! Makuli wa Nakonde walifuata nyuma kwa miguu, wote, wakaja wakaketi chini pamoja nasi. Vigelegele! Watu walikumbatiana. Mimi wakati huo nilikuwa tayari kwenye mahindi ya kando ya ghala.

Bwana Haraka akauliza mwenyekiti ni nani. Wakaniita. Nikaitika kutoka mahindini kwamba nipo. Akashangaa, akauliza ni nani huyo anayeongea shambani. Andongwisye, nyoka yule, akamweleza kwamba ni mambo ya ukoo.

Basi Mama Ketrina akasema. Hakupaza sauti. Alisema yeye amepika chakula cha kutosha siku tatu, tena hana haraka, ila mvua ile inayokuja kutoka upande wa Mwenzo haijui kusubiri. Bwana Haraka akatazama mawingu. Akatazama chumvi. Tone la kwanza lilipoanguka alikuwa amekubali yote, na posho ya Osea ikiwamo.

Nililia, nasema kweli. Nililowa mpaka koti la harusi likachuja rangi, na bado nililia kwa furaha.

Jumatano, 12 Machi

Uchaguzi, pale pale mbele ya ghala. Mwenyekiti: Mama Ketrina. Hata mimi nilimchagua. Nilinyoosha mkono juu ya mahindi wauone. Yeye akasema wazo lilikuwa la mkwe wake, kwa hiyo mkwe awe katibu.

Jioni Nesta kaleta kuku. Mwekundu, mnene. Mama yake kamtoa katika banda lake mwenyewe, ili mimi nimrudishie yeye Jumamosi, desturi itimie, tuonane. Kikao cha kwanza kitakuwa hapa kwangu. Anasema amechoka kumjua mkwe kwa kisogo.

Mama gani huyu! Sijamwona uso, lakini nampenda. Jumamosi nitampa kuku wake kwa mikono miwili, nimtazame, nimshukuru.

Ijumaa, 14 Machi

Kuku mwekundu ametaga. Jana yai, leo yai! Na makubwa! Kuku wa namna hii hatolewi ovyo. Katibu wa mataifa mawili ana kazi ya kichwa, anahitaji mayai.

Nesta hasemi nami. Osea alipita akijikongoja na fimbo, akacheka kwa mara ya kwanza tangu aumie, akauliza kwa nini natoboa ukuta wa nyumba yangu mwenyewe. Nikamweleza kwamba ni mlango wa nyuma. Umekaa vizuri, unaelekea mahindini moja kwa moja. Kesho sitakosa neno hata moja la kikao.