Breki Kaingia Baleti

Kisu, muuza nyama, hakungoja hata kahawa imiminwe.

"Wazee, mmezipata? Breki kajiunga na baleti!"

"Ile dansi ya kusimamia ncha za vidole?" Spika, kinyozi wetu mwenye domo, akaweka kikombe chini. "Breki huyu huyu dereva wa lori?"

"Huyu huyu! Nimemchungulia jana ukumbini. Suruali imembana hadi inalia, kashikilia bomba la ukutani, mguu mmoja uko hewani unaomba msaada."

"Na lile tumbo?"

"Tumbo linatangulia, yeye anafuata."

"Kocha wake nani?"

"Kabinti! Kanamfokea, 'Mzee, goti!' Na mzee mzima ananyoosha!"

"Anacheza namba ngapi?" nikauliza. Hapa kijiweni kila kitu tunakipima kwa mpira, hata ndoa za watu.

"Namba wapi! Yule ndiye mpira wenyewe!"

Tulikuwa bado tunajifuta machozi Breki alipotokea. Tukajitia kuangalia barabara.

"Najua mnanisema," akasema. "Jumamosi jioni tunaonyesha ukumbini. Mke wangu kasema haendi kuaibishwa. Nimekuja kuwaomba nyie mje, nisicheze mbele ya viti vitupu."

"Shemeji ana akili sana," Spika akadakia.

"Spika, nimezeeka nimekalia usukani. Nataka mwili huu ufanye kitu kizuri kabla haujazikwa. Na mnavyocheka inaniuma, nisiwafiche."

Kisu akakohoa, akatafuta pa kutazama.

"Haya, yaishe," akasema. "Kocha kakupanga wapi?"

"Mti."

"Nini?"

"Nasimama nyuma, mikono juu. Wenzangu wananizunguka."

Lo! Spika alijipiga mapaja, kahawa ikamwagika. "Kubanwa kote huko, halafu mti!"

Breki akamwacha acheke mpaka akaishiwa pumzi.

"Mwalimu anatafuta miti mingine mitatu," akasema taratibu. "Nikamwambia asihangaike na mazoezi. Nina wazee watatu mahali, hawajasogea kwenye benchi tangu lori langu likiwa jipya. Wameshaota mizizi. Jumamosi, msichelewe."

Akaondoka, mgongo umenyooka, wala hakugeuka.

"Mpuuzi yule!" Spika akafoka. "Inukeni tumfuate, tumpe zake!"

Tukaanza kuinuka. Spika akashika kiuno, Kisu akaegemea meza akiguna, mimi mguu ulikuwa umekufa ganzi. Mpaka tunafanikiwa kusimama, Breki alishakata kona.