Bia Yangu Haitafeli

Jumatano, 4 Juni

Bia imegoma. Jumapili niliipika kwa mikono yangu, nikatia hamira, nikafunika ndoo, nikaiweka stoo. Siku mbili kibomba cha kwenye mfuniko kilitoa mapovu kama mtoto anayepuliza soda kwa mrija. Leo kimya. Tena kimya cha dharau. Nakijua, nimefundisha hesabu mpaka nikastaafu.

Wifi, dada yake mume wangu, akapita "kusalimia". Akainama, akatega sikio kwenye ndoo, akanipa pole ya msiba. Msiba! Kisha akanikumbusha kwamba sherehe ya kumuaga kaka yake kazini ni Jumamosi ya tarehe 21, na bia ikishindikana sherehe itahamia kwake, maana yeye ana bustani. Nikamwambia sherehe ya mume wangu itafanyika nyumbani kwa mume wangu, na wageni watakunywa bia ya mkewe.

Basi nimeshasema. Maji nimeyavulia nguo.

Ijumaa, 6 Juni

Labda ni baridi. Nimeifunika ndoo blanketi. Blanketi la mume wangu. Hakulalamika. Amelala na koti na soksi, akageukia ukutani. Mume mwema.

Asubuhi nimetumbukiza kipimo, kile kijiti cha kioo kinachoelea. Siku ya kwanza kilisoma hamsini. Si haba, hamsini mtu anapita. Leo ishirini na mbili! Nimefuta miwani, nimesoma tena. Ishirini na mbili! Hata ukimwongezea alama za huruma hapiti.

Mume wangu akauliza kwa upole, huenda ndivyo inavyotakiwa? Nikamuuliza ni mtihani gani duniani watu wanafaulu kwa kushuka. Akarudi kwenye redio yake.

Jumatatu, 9 Juni

Masomo ya ziada. Nimetia kilo nzima ya sukari na hamira nyingine, nikakoroga mpaka bega likauma. Kipimo: arobaini na tano! Mwanafunzi alikuwa na njaa ya elimu, nimemlisha.

Jioni mapovu yamerudi, kibomba kinaimba. Nimempigia wifi, nikaweka simu juu ya mfuniko asikie mwenyewe. Akasema anasikia mtu anakoroma. Kijicho kitamuua.

Alhamisi, 12 Juni

Kumi na mbili. Kumi na mbili! Mapovu hakuna. Mtoto huyu ananitafuta.

Wifi akaja mbio, hata viatu hakuvua. Eti amemuuliza muuza vifaa aliyetuuzia kipimo. Eti kushuka ndiko kufaulu. Hamira inakula sukari, bia inakuwa nyepesi, kijiti kinazama, namba inashuka. Mapovu yakiisha na namba ikitulia, bia imeiva, iache ipumzike. Kwa maneno yake, bia ilikuwa inaelekea kuhitimu, mimi ndiye ninayeirudisha darasani kila wiki. Akaniambia sukari ikienda kufanya kazi yake ndani ya chupa iliyofungwa, gesi ikakosa pa kutokea, nisije nikasema sikuambiwa.

Nakiri nilisita. Maelezo yalikuwa na mantiki, kama hesabu iliyofuata hatua zote. Lakini hata ukweli, ukikaa kinywani mwa wifi, unachacha. Nikamshukuru, nikamsindikiza mlangoni. Akaondoka akisema sikio la kufa halisikii dawa. Nikamjibu kwamba yangu yote mawili yako hai, na yana hereni.

Jumamosi, 14 Juni

Nimejaza chupa. Kwanza nimeipa bia sukari ya kuagia, mpaka kipimo kikasoma hamsini na tano. Mwanafunzi wangu hatoki shuleni na alama ya aibu. Vizibo nimevibana kwa mashine ya kuazima, nikavibana tena kwa hasira.

Chupa zote nimezipanga chini ya ile meza kubwa ya sebuleni, nikashusha kitambaa mpaka sakafuni. Hakuna anayejua zilipo. Nataka wageni washtuke.

Jumapili, 22 Juni

Walishtuka.

Wifi ndiye alikuwa amesimama anahutubia. Alishafika kwenye utoto wa kaka yake, pale alipomfundisha kufunga kamba za viatu, ndipo chupa ya kwanza ikalia kama bunduki. Halafu nyingine zikaitikia. Bosi wa mume wangu akalala kifudifudi zuliani na suti yake. Keki ikaelea. Ile meza nzito ilizuia vioo vyote, hakuna aliyechubuka, ila povu lilipanda hadi kwenye wigi la wifi na kubaki huko.

Hakunicheka. Heri angenicheka. Alijifuta uso, akasema wageni karibuni bustanini kwangu, na wote wakatoka. Mume wangu pia. Nikabaki na fagio. Niliumia. Daftari hili ni langu na hakuna anayelisoma, kwa hiyo naandika wazi: niliumia sana.

Hazikupita saa nyingi mlango ukafunguka. Mume wangu, na sahani mbili za chakula. Akaketi sakafuni pale palipokauka, akaikuta chupa moja nzima nyuma ya mguu wa meza. Akaifungulia ndani ya beseni. Baada ya povu kulibaki nusu glasi. Akanywa, machozi yakamtoka, akasema ni kali. Akanywa tena, akasema ni nzuri. Kwa wifi hakurudi tena.

Kwa hiyo sherehe ilifanyika hapa. Mwenye sherehe alikuwa hapa. Wifi alikuwa na wageni tu.

Jumanne, 24 Juni

Mume wangu ametoka kliniki anapiga mluzi. Nesi amempongeza. Eti presha imeshuka, kustaafu kumemfaa. Mwezi uliopita ilikuwa mia na sitini, leo mia na thelathini. Amepoteza alama thelathini kwa mwezi mmoja na anachekelea!

Wifi naye amepiga simu kumpa hongera. Hapo ndipo nikajua pana jambo.

Sikubishana na mtu. Nimeingia jikoni, nikafunua sufuria, nikaongeza chumvi. Kwangu hafeli mtu.